Ghorofa la zamani na tetemeko: anzia nguzo za chini

Wenye majengo wengi wakiona ufa baada ya tetemeko hukimbilia plasta na rangi. Ufa unafichika, udhaifu unabaki palepale. Tangu tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Kagera tarehe 10 Septemba 2016, swali limekuwa lilelile: ghorofa lililokwisha kujengwa laweza kuimarishwa bila kubomolewa? Laweza, ila kazi huanzia kwenye nguzo za chini.

Nondo za wima kila mtu anazijua. Zinazopunjwa ni ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo hizo. Jengo linaposukumwa huku na huku, ringi zilizokaribiana hulibana zege la ndani na kuzizuia nondo zisibetuke, hivyo nguzo hupinda bila kukatika ghafla. Zikiachana mno, au ncha zake zisipokunjwa kuingia ndani ya zege, hufunguka, na sakafu hushuka moja juu ya nyingine. Majengo mengi ya Uturuki yalilaliana hivyo tarehe 6 Februari 2023. Hatari huzidi pale chini palipoachwa wazi kwa fremu za maduka au maegesho huku juu kukiwa na kuta za matofali.

Nguzo kama hizo huvikwa koti: la zege jipya lenye ringi za karibu, la mabamba ya chuma, au la kitambaa cha nyuzi za kaboni kinachobandikwa kwa gundi ya epoksi. Kwetu napendelea zege, kwa kuwa mafundi wanaliweza na vifaa vinapatikana. Lakini uso wa zamani lazima uchongwe ukwaruze, na nondo mpya zipenye sakafu hadi zishikwe na msingi. Kuziongezea nguvu boriti (mihimili ya mlalo) peke yake ni kujitafutia balaa, maana nguzo ndiyo itakayotangulia kuvunjika.

Jengo likiyumba sana, huongezwa kuta za zege kutoka msingi hadi juu. Zikiwekwa upande mmoja tu, jengo hujisokota. Japani imeimarisha shule nyingi kwa vyuma vya mshazari. Los Angeles nayo, tangu 2015, inawabana kisheria wenye majengo ya zege ya zamani, ingawa imewapa hadi miaka 25 kukamilisha.

Kabla ya yote, mhandisi apime nafasi za ringi kwa kifaa cha kutambua nondo, akate sampuli za zege zikapimwe maabara, na achimbe auone msingi. Fundi anayetaja bei kabla ya hapo anabahatisha.