Kabla hujamuaga dagaa

Mwambie mama yako hapa Mtwara kwamba kuanzia leo unakula ugali na mboga tu, uone kama hatakuwekea dagaa. Na hajakosea. Kwetu mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, changu wa nazi akiwemo. Ndiyo maana mtu akija ofisini kwangu kusema anataka kuwa vegani, simuulizi anakula nyama mara ngapi. Nyama wengi wanaonijia wanaionea harusini na sikukuu. Namuuliza: jana usiku uliteremshia nini?

Vegani, kwa asiyelijua neno, ni mtu asiyekula wala kunywa kitu kilichotoka kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Neno lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Wengine hawaishii jikoni, wanaacha na viatu vya ngozi. Kijana mmoja mpiga sindimba aliwahi kuniuliza afanyeje na ngoma yake iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Nikamwambia mimi ni afisa lishe, ngoma aende akaulize wakubwa wake.

Mimi mwenyewe nilijaribu miaka kadhaa iliyopita, kwa kiburi cha msomi. Jumatatu nikaacha vyote kwa mpigo. Siku tatu nikala ugali wa muhogo, matembele na chai ya rangi, na kila ikifika saa tano asubuhi tumbo linaunguruma mbele ya wagonjwa. Alhamisi jioni nilikuwa feri, nimeshika bakuli la supu ya pweza kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetoa, sikuwa nimeweka.

Na huku kwetu kutoa bila kuweka kuna hatari yake. Muhogo mbichi una protini gramu moja na kitu tu kwa kila gramu 100, na muhogo mchungu una sumu ya sayanidi usipoandaliwa vizuri. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa inayopatikana kwenye protini. Anayekula muhogo mchungu uliokaushwa harakaharaka, siku nenda rudi, bila protini ya maana, anaweza kupata konzo: miguu inakakamaa ghafla na hairudi kama zamani. Ugonjwa huo umewahi kutokea hapa hapa Mtwara, tena kwa watu ambao hawakuchagua kuacha samaki. Hawakuwa naye. Kwa hiyo kama ugali wako ni wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, usipunguze kitoweo kabla hujajua unga umeandaliwaje. Njia moja rahisi: lowesha unga kwa maji, utandaze mwembamba kwenye ungo au sinia, uache juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha usonge siku hiyohiyo. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa sana, mfuniko wazi.

Wiki mbili za kwanza siwaachishi watu kitu chochote. Nawaambia waongeze sufuria moja ya mbaazi, kunde au choroko kila siku, pamoja na samaki wao kama kawaida. Tumbo linahitaji kuzoea (gesi ni ya kweli, tusidanganyane, loweka usiku kucha na umwage yale maji). Baada ya hapo nyama inaondoka bila kelele, kisha mayai, kisha maziwa ya chai. Dagaa anakuwa wa mwisho kabisa. Huyo mdogo anafanya kazi za watu wanne: protini, kalsiamu ya mifupa yake, madini joto na vitamini B12. Usimfukuze kabla hujaajiri wengine.

Wa kwanza kuajiriwa ni ufuta, na nashangaa tunavyouvuna Lindi na Mtwara nzima halafu tukaupeleka wote ghalani. Mbaazi zina upungufu wa zile asidi amino (vijenzi vya protini) zenye salfa. Ufuta unazo kwa wingi, kwa hiyo viwili hivi vinasaidiana. Chukua kikombe kimoja, pepeta, osha mchanga utoke, anika. Weka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuondoka. Utaanza kurukaruka na kunukia. Hapo ipua mara moja, maana ukichelewa kidogo tu unakuwa mchungu. Twanga na chumvi mpaka mafuta yaanze kushika mchi. Vijiko viwili kwenye matembele au mlenda vinatosha. Anayekosa ladha ya dagaa, mara nyingi alichokosa ni ile chumvi na mafuta.

Korosho nazo: bakiza kilo chache msimu huu kabla ya kupeleka chama cha msingi cha ushirika. Zilizobanguliwa, hata zile za vipande, loweka usiku, saga na maji, chuja upate maziwa. Chai yake ni nzito kweli. Lakini si maziwa ya mtoto mchanga, tafadhali.

Chai yenyewe ihamishe, unywe saa moja hivi baada ya chakula, kwani inazuia madini ya chuma ya mbaazi na mchicha yasifyonzwe. Weka limau au embe badala yake. Chumvi nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto. Ya mawe ya kupimiwa kwenye kopo mara nyingi haina.

B12 haina mjadala. Mimea haitupi, na mwani wa baharini usiutegemee. Ini huhifadhi akiba ya miaka, ndiyo maana watu hujiona wazima mpaka ganzi inapoanza vidoleni. Unga wa mahindi na ngano wa viwandani ulioongezwa virutubishi unayo kiasi, wa muhogo wa mashine ya mtaani hauna. Nunua vidonge duka la dawa: maikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Mjamzito na anayenyonyesha aje kwanza tuzungumze kliniki.

Linalowashinda wengi ni nyumbani kuliko sokoni. Dada mmoja wa Chuno alienda kwa bibi yake Newala, akakataa kuku aliyechinjwa kwa ajili yake. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, unaumwa au umetukasirikia?" Akala, akarudi kwangu analia. Nikamwambia safari ijayo apige simu siku mbili kabla, aseme, "Shikamoo bibi, nina hamu ya mbaazi zako za nazi." Bibi akazipika. Samaki alikuwepo pia, ila bibi alichota bakuli la mjukuu kwanza, ndipo akamtia sufuriani.