Nyekundu sita si snuka ya watoto

Kila nikitangaza mashindano ya nyekundu sita, yaani snuka fupi yenye mipira myekundu sita badala ya 15, pale klabuni kwetu Kampala, hakosi mtu wa kuniuliza: "Kocha, hiyo nayo ni snuka au mazoezi?" Wazee waliozoea nyekundu 15 wanaiona kama mchezo wa kupashia mkono. Mimi nafundisha zote mbili, na kwa maoni yangu mvivu wa hesabu huumbuka mapema zaidi kwenye hii fupi.

Meza ni ileile ya futi 12, na rangi ni zilezile sita, kuanzia njano yenye pointi 2 hadi nyeusi yenye 7. Kilichopungua ni nyekundu tu, zenye pointi 1 kila moja: zinapangwa 6 kwenye pembetatu ndogo ya safu tatu. Kila ukiingiza nyekundu unafuatisha rangi moja, nayo hurudishwa mezani; nyekundu zikiisha, rangi sita huingizwa kwa mpangilio. Breki kubwa kabisa, yaani pointi za zamu moja bila kukosa, mbali na habari za mpira wa bure (wa ziada, unaopewa baada ya faulo ya mpinzani), inashuka kutoka 147 hadi 75.

Hapo ndipo mambo yanapobadilika. Rangi sita za mwisho zina jumla ya pointi 27 katika mchezo wowote. Kwenye 147 hizo ni kama sehemu moja ya tano. Kwenye 75 zinazidi theluthi. Mtu anayejua kufagia rangi kuanzia njano hadi nyeusi hajafa mpaka afe kweli.

Tuseme unaunganisha kila nyekundu na nyeusi. Kwenye snuka ya kawaida unahitaji kuingiza mipira 19 mfululizo ndipo mpinzani abaki akitegemea faulo zako tu. Kwenye nyekundu sita ni mipira 10. Nyekundu tano na nyeusi tano ni 40, na mezani zimebaki 35. Ila ukiikosa ile nyeusi ya tano una 33, na zile 35 bado zinamsubiri mwenzako. Kabla ya mpira huo wa kumi nawaambia vijana wasimame wima, wavute pumzi, wapake chaki, ndipo wainame.

Na ukicheza pinki je? Kijana mmoja wa Arua, dereva wa boda mwenye mkono mzuri ajabu, aliingiza nyekundu tano na pinki tano bila kusita. Nyekundu ya sita ikagonga kona ya shimo, ikakataa. Akarudi kitini anatabasamu, simu tayari mkononi. Alikuwa na 35. Mezani kulikuwa na nyekundu moja, nyeusi ya kuifuata, na rangi zote: 1 na 7 na 27, yaani 35 vilevile. Mpinzani wake, Mkongo mmoja asiyejua haraka, akazifagia zote kimyakimya. Sare. Nyeusi ikarudishwa kwenye alama yake iamue mshindi, sarafu ikarushwa kujua nani aanze, na fremu, yaani raundi hiyo, ikaenda kwa Mkongo. Katika zile pinki tano, moja tu ingekuwa nyeusi, kijana angekuwa na 36 na mchezo ungekuwa umekwisha.

Mashindano makubwa ya dunia ya aina hii yalianzia Bangkok, Thailand, mwaka 2008, Ricky Walden alipomshinda Stuart Bingham 8–7. Mwaka uliofuata kombe likaenda kwa Jimmy White, akiwa na miaka 47. Lakini jina ninalopenda kuwatajia wanafunzi ni Mark Davis, Mwingereza aliyechukua ubingwa huo mara mbili mfululizo, 2012 na 2013, ilhali hajawahi kushinda hata shindano moja la kuhesabiwa katika orodha ya ubora. Mechi za makundi zilikwenda kwa aliyetangulia kufikisha fremu 5, fainali kwa aliyefikisha 8. Mwaka 2015 Thepchaiya Un-Nooh aliubakiza ubingwa nyumbani kwa kumchapa Liang Wenbo 8–2. Huyo bwana anapiga kama mtu anayekimbilia basi. Baada ya korona kuyasimamisha, mwaka 2023 yalichezwa Pathum Thani, akashinda Ding Junhui. Wachezaji wa ridhaa nao wana ubingwa wao wa dunia, na Pankaj Advani wa India aliuchukua 2014 na 2015.

Kwa nini nalisukuma jambo hili Uganda? Kwa sababu hapa puli iko kila kona: Kabalagala, Wandegeya, hata senta za vijijini. Vijana wetu wamekulia kwenye meza ya futi 7 yenye mipira saba kwa saba na nyeusi, na kumaliza mipira michache iliyotawanyika ndiyo kazi yao. Nyekundu 15 zinawachosha kabla hawajaipenda meza kubwa. Sita zinawafaa, na fremu haili saa nzima ya kulipia meza.

Wanachokosa ni kujilinda. Wakikosa nafasi hupiga kwa nguvu wakitumaini bahati, na kwenye nyekundu sita nyeusi iko wazi mno kwa mchezo huo: fungu la nyekundu ni jembamba, na njia za kuelekea mashimo ya juu hazizibwi sana. Isitoshe kuna sheria ya kukosa, yaani kushindwa kuugusa mpira unaotakiwa. Refa akikuitia kukosa mara tano mfululizo katika zamu moja, mpinzani anaruhusiwa kuuweka mpira mweupe popote mezani. Hiyo ni zawadi ya fremu nzima. Onyo hutolewa baada ya mara ya nne, nami ningeshauri uanze kujionya mwenyewe baada ya ya pili: acha kutafuta pigo la ajabu, tafuta njia ya kugusa tu.

Anayetaka kuanza aweke nyekundu moja karibu na pinki na rangi zote mahali pake. Ajihesabie amezidiwa pointi 34, aanze mweupe akiwa ameushika mkononi, afagie. Akikosa, arudishe mipira yote na kuanza upya. Mwenzake akae pembeni akitaja kwa sauti pointi zilizobaki kila mpira unapoingia, kisha wabadilishane.