Amri za Taliban kwa wanawake: anayeadhibiwa kwanza ni nani?

Wiki hii, katika kampeni ya Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, tulikaa na madereva wa bodaboda kwenye kijiwe chao, jirani na kituo chetu cha msaada wa sheria. Mada ilikuwa usalama wa abiria wa kike usiku. Katikati ya mazungumzo kijana mmoja akatoa simu, akatuonyesha picha ya mwanamke wa Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, akiwa sebuleni kwake, uso wazi, jina lake limeandikwa chini. Akauliza: "Mwanasheria, ni kweli kule nikimpakia mama wa watu peke yake, mimi ndiye ninayekamatwa?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia ni kweli, na kicheko kikaisha.

Tangu siku hiyo dawati letu limekuwa likiulizwa habari za Afghanistan karibu kila asubuhi, na mengi ya maswali hayo yanakuja tayari yamebeba jibu lisilo sahihi. Ndiyo maana naandika. Kituo hakisemi kwa niaba ya serikali yoyote na hakitoi fatwa. Kazi yetu ni kusoma kilichoandikwa na kukieleza.

Jambo la kwanza: hakuna sheria moja inayoitwa "sheria ya wanawake". Kuna mlolongo wa amri za Taliban, kundi linalotawala Afghanistan tangu Agosti 2021, nyingine zimetolewa kwa barua ya wizara, nyingine kwa tangazo la redioni. Septemba 2021 wavulana waliitwa warudi sekondari, wasichana hawakutajwa. Desemba mwaka huohuo ikaagizwa mwanamke asisafiri zaidi ya kilomita 72 (takriban umbali wa Dar es Salaam hadi Bagamoyo) bila maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa. Machi 23, 2022 sekondari za wasichana zilifunguliwa asubuhi na kufungwa siku hiyohiyo, watoto wakiwa wamekwisha kuvaa sare na kufika darasani. Novemba zikafuata bustani za mapumziko na kumbi za mazoezi. Desemba 20 vyuo vikuu, na siku nne baadaye kazi katika mashirika yasiyo ya kiserikali. Aprili 2023 katazo hilo likafika Umoja wa Mataifa. Julai 2023 saluni za kike. Desemba 2024 vyuo vya wauguzi na wakunga, na hapo naomba msomaji atulie kidogo: ni nchi ambayo familia nyingi hazikubali mama azalishwe na mwanamume, na ndiyo iliyofunga mlango wa kufundisha wakunga wapya.

Sasa swali la dereva. Amri ya hijabu ya Mei 7, 2022 inaweka ngazi za adhabu, na inafaa zisomwe moja moja. Mwanamke akionekana hajajifunika inavyotakiwa, maofisa huenda nyumbani kwake, na anayeonywa ni walii wake: baba, mume, kaka au mtoto wa kiume mkubwa. Kosa la pili, walii anaitwa ofisini. La tatu, walii anawekwa ndani siku tatu. La nne, anapelekwa mahakamani. Kama walii ni mtumishi wa umma, kazi yake iko hatarini kwa sababu ya vazi la mke au binti yake.

Agosti 2024 ikatoka sheria ya Kuamrisha Mema na Kukataza Maovu, yenye ibara 35. Ibara ya 13 inamtaka mwanamke afunike mwili wote pamoja na uso, na inahesabu sauti yake kuwa kitu cha kusitiriwa asisikike nje. Sehemu ya vyombo vya usafiri inamkataza dereva kumchukua mwanamke asiye na hijabu au asiye na maharimu mwenye akili timamu na aliyebaleghe. Wanaosimamia wanaitwa muhtasibu. Wao wenyewe, kabla ya hakimu yeyote, wanaweza kutoa nasaha, kukemea, kutisha, kuchukua mali, na kumweka mtu mahabusu kwa muda wa kuanzia saa moja tu hadi siku tatu. Wakiona haitoshi ndipo faili linakwenda mahakamani.

Ukisoma maandishi hayo kwa utulivu unaona mtambo wake. Dola haina askari wa kusimama kwenye kila mlango, kwa hiyo imemfanya baba kuwa mlinzi wa binti, kaka mlinzi wa dada, dereva mlinzi wa abiria, na kila mmoja wao anajua atalala ndani yeye. Baba anayependa watoto wake anamzuia binti asitoke kwa hofu ya kufungwa, na jirani akimtazama anadhani huyo baba ni mkali. Narudia jambo hili kila kikao kwa sababu kila kikao kuna mtu anayesema "wanaume wao wenyewe ndio wametaka". Mtu aliyetaka jambo kwa hiari yake haandikiwi ngazi nne za adhabu ili alifanye.

Kauli nyingine ni kwamba hiyo ndiyo dini, tusiiingilie. Kituo hakiingilii dini ya mtu. Lakini ni vema watu wajue kwamba Desemba 2022 Sheikh wa Al-Azhar, chuo mashuhuri cha Kiislamu nchini Misri, Ahmed al-Tayeb, alisema wazi kuwa kuwazuia wasichana vyuo vikuu kunapingana na sharia ya Kiislamu. Januari 2025 Sher Abbas Stanikzai, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya nje wa utawala huohuo wa Taliban, alisimama hadharani mkoani Khost akasema hakuna udhuru wa kufunga shule hizo. Na amri ya Desemba 3, 2021, yenye jina la kiongozi mkuu wao Haibatullah Akhundzada, inakataza kumwoza mwanamke bila ridhaa yake na inamhakikishia mjane mirathi. Watu wanaonijia na hoja ya "hiyo ndiyo dini" mara nyingi hawajasoma hata amri moja kati ya hizi, na hilo linachosha. Mama zetu wa pwani waliofundisha madrasa na shule za serikali, wakiwa na buibui zao, hawakuhitaji kuelezwa kwamba elimu na dini vinakaa nyumba moja.

Wengine husema wanawake wa Afghanistan hawajawahi kuwa na haki, kwa hiyo hawajapoteza kitu. Si kweli hata kidogo. Katiba ya mwaka 1964 iliwapa kura, na mwaka 1965 wanawake wanne walichaguliwa bungeni. Katiba ya 2004 ilitamka usawa wa raia katika ibara ya 22, na viti 68 kati ya 249 vya bunge vilitengwa kwa wanawake. Machi 2003 nchi hiyo iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake bila kuweka kipingamizi kwenye ibara hata moja. Mkataba huo haufutiki kwa kubadilika watawala.

Kuna haki moja waliyoipata ambayo mimi huifikiria mara kwa mara. Kwa desturi ya sehemu nyingi za nchi hiyo jina la mwanamke halitajwi mbele ya watu: kadi ya harusi humtaja bibi harusi kuwa binti wa fulani, na kaburi lake huandikwa mama au mke wa fulani. Mwaka 2017 wanawake wa Herat, akiwemo Laleh Osmany, walianzisha kampeni ya kuuliza jina lao liko wapi. Septemba 2020 sheria ilirekebishwa ili jina la mama liandikwe kwenye tazkira, kitambulisho cha taifa, pamoja na la baba. Sisi tunaoandikisha vizazi tunaelewa uzito wake: mama akifiwa na mume au akiachika, karatasi yenye jina lake ndiyo inayomwezesha kumsimamia mtoto wake.

Sasa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu wa Jinai, ICC, maana hapa ndipo kuna mkanganyiko mkubwa. Januari 23, 2025 mwendesha mashtaka aliomba hati. Julai 8, 2025 majaji walitoa hati za kukamatwa kwa Akhundzada na kwa jaji mkuu wa Taliban, Abdul Hakim Haqqani, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu wa kuwaandama watu kwa misingi ya jinsia. Hati hizo zinawagusa pia waathirika walioandamwa kwa kuonekana wanawaunga mkono wanawake na wasichana. Baba na kaka nilioeleza hapo juu wanaweza kuingia humo.

Hati ya kukamatwa si hukumu. Majaji wamesema tu kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kosa limetendeka. Mtuhumiwa akikamatwa na nchi mwanachama, anafikishwa kwanza mbele ya hakimu wa nchi hiyo kuhakikisha kuwa ndiye na kwamba amekamatwa kwa utaratibu. Kisha anakabidhiwa kwa ICC mjini The Hague, anasomewa mashtaka, majaji wanayathibitisha au kuyakataa, ndipo kesi inasikilizwa, ndipo hukumu, ndipo rufaa. Kifungo hakizidi miaka 30, au ni cha maisha pale uzito wa kosa unapodai, na faini na kutaifishwa mali vinaweza kuongezwa. Hakuna adhabu ya kifo. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama na wana wajibu wa kukamata. Burundi ilijitoa mwaka 2017, na Rwanda haijawahi kujiunga.

"Hiyo karatasi tu," naambiwa. Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, aliandikiwa hati mwaka 2005, akafika mahakamani 2015, na mwaka 2021 akahukumiwa miaka 25. Miongoni mwa makosa yaliyomtia hatiani ni ndoa za kulazimishwa. Joseph Kony, kiongozi wa waasi hao, mwenye hati ya mwaka huohuo wa 2005, bado hajakamatwa, lakini mwaka 2025 mashtaka yake yalithibitishwa bila yeye kuwepo. Hati hizi hazina tarehe ya kuisha.

Njia ya pili ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayoshughulika na dola. Septemba 2024 Australia, Kanada, Ujerumani na Uholanzi zilitangaza kuanza utaratibu wa ibara ya 29 ya ule mkataba wa ubaguzi dhidi ya wanawake niliotaja: kwanza mazungumzo, yakishindikana usuluhishi, na usuluhishi usipopangika ndani ya miezi sita ndipo shauri hufunguliwa.

Wanawake wenyewe hawajakaa kusubiri mahakama. Redio Begum, iliyoanza Kabul Machi 8, 2021, husomesha hewani masomo ya darasa la saba hadi la kumi na mbili. Februari 2025 maofisa waliivamia na kuifunga. Mwezi huohuo ilirudi hewani.

Na kuna Shabana Basij-Rasikh. Wakati wa utawala wa kwanza wa Taliban, akiwa na miaka sita, wazazi wake walimvisha nguo za kiume ili aweze kumsindikiza dada yake hadi shule ya siri, kwa sababu dada hakuruhusiwa kutembea bila mwanamume. Mtoto wa kike wa miaka sita ndiye aliyekuwa maharimu. Alipokua alifungua Kabul shule ya bweni ya wasichana, SOLA. Agosti 2021, Taliban walipoingia, alichukua kumbukumbu za wanafunzi wake wote akazichoma moto kwa mikono yake, majina yasiangukie mikononi mwa mtu. Kisha akaihamishia shule nchini Rwanda, na huko wasichana wa Kiafghanistan wanaendelea kusoma hadi leo.

Hivyo ombi la dawati ni moja. Picha za wanawake walioko Afghanistan zinazozunguka kwenye makundi ya simu, hasa zenye uso, jina au mtaa, msizisambaze hata kwa nia ya kuwatetea. Muhtasibu naye ana simu, na akimtambua mwanamke, anayegongewa mlango ni nyumba nzima. Kijana wa kijiweni aliifuta ile picha palepale, halafu akaingia kwenye kundi lao la madereva kuwaomba wenzake kumi na wawili aliokuwa amewatumia nao waifute.