Je, wajua kwa nini bakuli la kioo hupasuka likishatoka kwenye oveni?

Mapande ya kuhe wa Ziwa Tanganyika, yaliyopakwa ndimu, kitunguu saumu na mawese, yanaweza kuiva kwa nyuzi 200 ndani ya bakuli la kioo bila tatizo lolote. Bakuli hilohilo likitolewa na kuwekwa pembeni mwa sinki palipolowa, paa! Vipande na mchuzi vimetapakaa.

Ukiuliza sababu, Ujiji au Mwanga mjini Kigoma, utaambiwa bakuli limezidiwa na moto, au kioo chake kilikuwa chembamba. Majibu yote mawili yanapotosha. Oveni nyingi za nyumbani huishia nyuzi 250, na kioo cha kawaida hakianzi kulegea kabla ya 500. Tena unene ndio unaozidisha hatari, kwa sababu kioo kinene huchelewa zaidi kulingana joto ndani na nje.

Kiini ni tofauti ya joto kati ya sehemu moja ya bakuli na nyingine. Kioo hupitisha joto polepole sana. Alumini hupitisha takriban mara 200 zaidi. Kitako kilichogusa maji hupoa na kutaka kusinyaa papo hapo, ilhali milimita chache juu yake kioo bado kimetanuka. Chukulia gauni lililosinyaa likiwa mwilini. Mwili haujapungua, kitambaa ndicho kilichopungua, kwa hiyo kinavutwa pande zote, na penye uzi uliokatika ndipo kinapoanza kuchanika. Kwenye bakuli, uzi huo ni mkwaruzo wa steelwaya au wa kijiko, pengine usioonekana kwa macho. Ndiyo maana bakuli lililotumika miaka huweza kupasuka siku moja tu. Kioo kikibanwa kina nguvu za ajabu. Kikivutwa ni dhaifu, na ubaridi wa ghafla hukivuta usoni. Hewa ya oveni, pamoja na ukali wake, huingiza joto taratibu. Maji hulifyonza kwa kasi.

Mwaka 1913, mjini Corning, Marekani, Bessie Littleton alioka keki kwenye kitako cha gudulia la betri lililokatwa, aliloletewa na mumewe Jesse, mwanafizikia wa kiwanda cha vioo. Mwaka 1915 mabakuli ya oveni ya kioo cha aina hiyo yakaanza kuuzwa kwa jina la Pyrex. Kioo hicho, chenye boroni, hutanuka takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida. Hata hivyo, mabakuli mengi ya leo ni kioo cha kawaida kilichoimarishwa kiwandani. Ukingo wenye rangi ya kijani kidogo huashiria kioo cha kawaida, ingawa dalili hiyo peke yake haitoshi.

Kwa samaki mwenye ndimu na nyanya, kioo au kauri bado ni chaguo zuri, kwa kuwa uchachu humenyuka na alumini tupu na kuacha ladha ya madini. Ukilitoa bakuli, liweke juu ya taulo kavu au ubao. Keki inataka alumini, inayoshika joto upesi na kupoa upesi. Na kama unaoka kwa mkaa, moto chini na makaa juu ya mfuniko, weka kioo kando kabisa: kaa moja hupasha sehemu moja tu. Hapo tumia sufuria nzito.