Mji mdogo wa mashambani nchini Marekani: mpaka wake na hesabu ya watu wake

Katika takwimu za Marekani, mji mdogo wa mashambani ni eneo lenye mpaka uliochorwa kisheria na lenye serikali yake, hata kama ndani ya mpaka huo hakuna shule, posta wala kituo cha mafuta. Wingi wa watu si sehemu ya maana hiyo kwa kiasi ambacho wengi wetu tungetarajia. Ushahidi ulio wazi zaidi ni Monowi, kijiji kilichopo katika kaunti ya Boyd, kaskazini mashariki mwa jimbo la Nebraska, ambacho sensa ya mwaka 2010 ilikikuta na mkazi mmoja tu. Mkazi huyo, bibi mzee aliyeendesha baa ya hapo, ndiye aliyekuwa meya, karani na mweka hazina. Maombi ya leseni ya baa aliyapeleka kwake mwenyewe na kuyaidhinisha mwenyewe, na kila mwaka aliandaa mpango wa barabara za kijiji ili jimbo liendelee kutoa fedha, zikiwemo za taa nne za barabarani.

Hali hii inawezekana kwa sababu mamlaka ya kuunda miji imo mikononi mwa majimbo, si ya serikali kuu ya Washington, na kila jimbo lina ngazi zake. Nebraska huiita jumuiya yenye watu kati ya 100 na 800 kijiji, lakini kijiji kilichokwisha kusajiliwa hakifutiki papo hapo eti kwa kuwa watu wake wamepungua. Kansas na Iowa huipa kila jumuiya iliyosajiliwa hadhi ya jiji, hata ikiwa na watu hamsini, ilhali Pennsylvania nzima ina mahali pamoja tu penye hadhi ya kisheria ya mji, napo ni Bloomsburg. Katika majimbo ya New England, kaskazini mashariki mwa nchi, mambo hugeuka kabisa, kwani huko mji ni eneo pana linalojumuisha makazi, mashamba na misitu, na mpaka wa mji mmoja kwa kawaida huanzia pale ulipoishia wa mwingine. Zaidi ya hayo, yapo makazi ambayo hayakusajiliwa popote. Hayo Ofisi ya Sensa huyachorea mpaka wake yenyewe kwa ajili ya kuhesabu tu, na mtu akienda kumtafuta meya wa mahali pa namna hiyo hatampata, kwa kuwa hayupo.

Umbo la miji ya nyanda za kati lilianzia kwenye upimaji wa ardhi. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya umma igawanywe katika miraba ya maili sita kwa sita, yaani takriban kilomita 9.7 kila upande, na kila mraba ukatwe vipande 36 vya ekari 640. Kisha sheria ya mwaka 1862 ikampa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kuishi juu ya ardhi hiyo na kuiendeleza kwa miaka mitano. Sharti hilo la kuishi shambani ndilo lililoamua mengi. Wakulima hawakujenga nyumba zao pamoja na kwenda shambani asubuhi, bali kila kaya ilikaa peke yake katikati ya ardhi yake, mbali na jirani. Katika sehemu kavu za magharibi mwa Nebraska hata ekari 160 hazikutosha kumlisha mtu, na mwaka 1904 sheria nyingine ikaruhusu ekari 640, jambo lililozidi kuzitenganisha nyumba.

Kwa hiyo mji haukuwa mahali ambapo wakulima waliishi. Ulikuwa mahali pa kuuzia nafaka, kupandia treni, kuchukulia barua na kusalia Jumapili. Kampuni za reli ndizo zilizoipanda mingi ya miji hiyo, zikiweka vituo kwa umbali ambao mkulima mwenye gari la farasi angeweza kufika na kurudi kabla ya giza. Monowi ilianzishwa mwaka 1902 reli ilipofika hapo, na katika miaka ya 1930, ilipokuwa imeshamiri kuliko wakati mwingine wowote, ilikuwa na wakazi wapatao 150. Watu 150 waliweza kuwa na maduka na shule kwa sababu waliowategemea walikuwa wengi kuliko wao, nao walikuwa nje ya mpaka.

Hapa ndipo wasomaji wa takwimu hupotea. Idadi ya watu wa mji huhesabu wale tu wanaoishi ndani ya mstari, hivyo mkulima ambaye shamba lake limepakana na mtaa wa mwisho, na ambaye wanawe wanasoma mjini, haingii. Anayetaja idadi ya mji bila kutaja ya kaunti amesoma nusu ya habari, na pengine iliyo ndogo. Chukua msongamano wa watu. Monowi ina eneo la maili za mraba 0.21, kwa hiyo mkazi wake mmoja wa mwaka 2010 anatoa msongamano wa karibu watu watano kwa maili ya mraba. Kaunti ya Boyd wakati huo ilikuwa na watu wapatao 2,100 katika maili za mraba kama 540, yaani chini ya wanne. Kwa kipimo hicho kijiji cha mtu mmoja kilikuwa na msongamano mkubwa kuliko kaunti yake. Hesabu ni sahihi, ila haisemi lolote la maana.

Sensa yenyewe hufanyika kila baada ya miaka kumi, na humhesabu mtu mahali anapoishi na kulala kwa kawaida kufikia tarehe 1 Aprili. Kanuni hiyo humwandika mwanafunzi wa bweni katika mji wa chuo chake, na mfungwa katika mji wenye gereza, ndiyo maana mji mdogo wenye gereza kubwa huweza kuonekana umekua ingawa nyumba zake ni zile zile. Sensa ya mwaka 2020 iliongeza jambo jingine. Ili mtu asitambulike kupitia takwimu, Ofisi ya Sensa ilibadilisha kidogo kwa makusudi takwimu za maeneo madogo, bila kugusa jumla ya jimbo, na Monowi ikachapishwa kuwa na watu wawili ilhali mkazi wake alikuwa bado peke yake. Katika mji wa watu 10,000 badiliko kama hilo halionekani, lakini hapo liliongeza idadi mara mbili.

Hata mpaka kati ya mji na mashamba katika takwimu umehama. Kwa zaidi ya karne moja eneo lenye watu 2,500 lilihesabiwa kuwa la mjini. Kwa takwimu za mwaka 2020 kiwango kilipandishwa hadi watu 5,000 au nyumba 2,000, na makazi mengi yakaingizwa katika orodha ya mashambani bila mtu yeyote kuhama. Kwa kipimo hicho kipya, takriban Mmarekani mmoja kati ya watano anaishi mashambani.

Kupungua kwa watu kuna sababu zinazofahamika: trekta na mashine za kuvunia zilipunguza mikono iliyohitajika, mashamba yakaunganishwa, na gari likamwezesha mkulima kuupita mji wa karibu na kwenda mkubwa zaidi. Shule ya Monowi ilifungwa mwaka 1974. Hata hivyo si kila mji wa nyanda hizo ulififia. Lexington, katika jimbo hilo hilo la Nebraska, ulikuwa na watu wapatao 6,600 mwaka 1990, kiwanda kikubwa cha nyama kilipofunguliwa, na kufikia mwaka 2000 walikuwa 10,011, wengi wa walioongezeka wakiwa wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Baadaye Wasomali nao wakawafuata. Kaunti nyingi za mashambani jirani zilikuwa zikipoteza watu katika miaka hiyo hiyo, na ardhi yao ilikuwa ikilimwa kama kawaida.