Utando wa bakteria katika mtambo wa majitaka

Jiwe lililozama ufukweni pale Mwanza huteleza kwa sababu limevaa utando hai: bakteria na viumbe wengine wadogo mno, waliojigandisha kwa ute wanaoutoa wenyewe. Mtambo wa utando hutumia tabia hiyohiyo. Ndani ya tangi kuna vipande vya plastiki vyenye matundu, vinavyozungushwa na hewa inayopulizwa kutoka chini, na bakteria waliojishikiza humo hula uchafu uliomo majini. Vipande hivi vilibuniwa Norway mwishoni mwa miaka ya 1980. Njia ya zamani zaidi ya kutumia utando ni kunyunyizia majitaka juu ya kokoto.

Mabwawa ya majitaka ya Butuja, Ilemela, hutegemea eneo kubwa, jua na siku nyingi. Mtambo wa utando hutosha penye nafasi finyu, ila unadai umeme na mtu wa kuukagua kila siku.

Wengi hudhani utando ukiwa mnene ndiyo bora. Sivyo. Oksijeni hupenya sehemu ya juu tu, mara nyingi milimita 0.1 hadi 0.2, walio chini yake hukosa hewa, wakalegea, na utando ukabanduka. Kubanduka kidogo ni kawaida, ndiyo maana baada ya tangi kuna bwawa la kutuamishia tope. Kwa hiyo fundi huchunga hewa kwanza: oksijeni iliyoyeyuka isishuke chini ya miligramu 2 kwa lita, na izidi hapo kama amonia, kemikali ya nitrojeni itokanayo na mkojo na mabaki ya protini, nayo inatakiwa kuondolewa. Bakteria wanaoondoa amonia huzaliana polepole na hudhurika upesi. Umeme ukikatika, jenereta iwashe mashine ya hewa, ofisi zitasubiri.

Kwenye viwanda vya minofu ya sangara kuna matata mawili zaidi. Mafuta ya samaki yakiuponyoka mtego wa kunasia mafuta huupaka utando na kuuzibia hewa. Klorini ya kuoshea sakafu na meza ikimwagwa yote kwa mkupuo huua bakteria, hivyo ipite kwanza kwenye tangi la kusawazishia maji, iingie kidogokidogo.

Vipande vyenyewe havisuguliwi. Ukivipiga brashi hadi ving'ae, amonia itapita bila kuguswa kwa wiki kadhaa. Kinachosafishwa ni wavu wa kutokea maji: ukiziba, tangi hufurika na plastiki huelekea ziwani.