Mnyoo wa kilindini naye anahitaji jua

Nimetumiwa tena ile video ya minyoo warefu wenye vichwa vyekundu, wamesimama kando ya miamba inayofuka chini ya bahari, na maelezo yale yale: "Viumbe wasiohitaji jua kabisa." Safari hii imetoka kwa mwalimu wa sayansi hapahapa Lamu, na anataka kuifundishia. Maalim, nakuomba usiifundishe hivyo. Mnyoo huyo anahitaji jua kama unavyolihitaji wewe.

Yanayojulikana nayapitia haraka. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, ziligunduliwa chemchemi za maji moto na minyoo wanaofikia urefu wa mita 2. Mnyoo huyu, kwa jina la kisayansi Riftia pachyptila, akishakua hana mdomo wala utumbo. Mwaka 1981 mwanabiolojia Colleen Cavanaugh na wenzake walionyesha kwamba kiungo kinachomjaa mwilini, trofosomu, kimesheheni bakteria, na hao ndio wanaomlisha. Wanaiunguza salfaidi, kemikali ya salfa inayotoka kwenye chemchemi, na kwa nguvu wanayoipata wanaigeuza kaboni dayoksaidi kuwa chakula.

Watu wakifika hapo hufunga kitabu. Giza tupu, chakula kinatoka kwenye salfaidi, basi jua halina kazi. Lakini salfaidi inaunguzwa kwa kitu gani? Kwa oksijeni! Na maji yanayobubujika kwenye chemchemi yenyewe hayana oksijeni. Imo kwenye maji baridi ya pembeni, nayo haikutengenezwa kilindini. Ilitengenezwa juu, kwenye mwanga, na mimea pamoja na vijimea vinavyoelea baharini. Maji yaliyoibeba yalipopoa karibu na ncha za dunia yakawa mazito, yakazama, kisha yakasafiri sakafuni mwa bahari kwa mamia ya miaka mpaka yakamfikia mnyoo. Ndiyo sababu anasimama pale hasa maji hayo mawili yanapochanganyika. Akisogea mno kwenye chemchemi anakosa oksijeni na anaungua, akijitenga nayo anakosa salfaidi. Wekundu wa kichwa chake ni himoglobini, protini nyekundu kama ile ya damu yetu, na himoglobini hiyo hubeba oksijeni na salfaidi kwa pamoja, kila kimoja kimeshikwa mahali pake. Sisi salfaidi ni sumu kwetu. Yeye anaipitisha kwenye damu na kuwafikishia bakteria wake.

Wapo vijidudu wa kilindini wanaoishi kwa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, wakitoa gesi ya methani, bila oksijeni hata chembe. Ukiniambia hao hawalitegemei jua, sitabishana nawe. Video haikuwaonyesha hao.

Wala huna haja ya kupiga mbizi ili uone kazi hii. Ngoja maji yapwe, ingia kwenye mikoko ya kisiwa cha Manda, ukate tope kwa panga. Juu pana utando mwembamba wa hudhurungi. Chini yake tope ni jeusi tititi na linanuka mayai viza. Harufu ni haidrojeni salfaidi, na weusi ni chuma kilichoungana na salfaidi. Wanaoitengeneza ni bakteria wasiotaka oksijeni. Wao hutumia salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, ya maji ya chumvi kuozesha majani, na salfaidi ndiyo taka yao. Mwenye pete ya fedha aivue kwanza, isije ikamtoka nyeusi. Sasa litazame tundu la kaa ulilolikata: ukuta wake una rangi ya kutu, umezungukwa na weusi pande zote. Kaa ameshusha maji yenye oksijeni mpaka chini. Hapo kutu inapopakana na weusi kuna bakteria wanaounguza salfaidi, na kazi yao ni ile ile ya wale walio ndani ya mnyoo. Naudhika sana tope hili linapoitwa tope lililokufa.

Jambo jingine linalosemwa ovyo ni kwamba mnyoo huzaliwa na bakteria wake. Hazaliwi nao. Kila kizazi huwapata upya kutoka kwenye mazingira, na mwaka 2006 ilibainika kwamba humwingia kupitia ngozi, si mdomoni kama ilivyodhaniwa. Vitabu husema hapo pande zote mbili zinanufaika, kisha vinageuza ukurasa. Mimi nina shaka yangu. Mnyoo huwameng'enya bakteria hao kwa wingi mwilini mwake; anayenufaika waziwazi ni yeye. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mnyoo akifa, baadhi yao hutoka wakiwa hai na kurudi baharini. Shaka yangu imepungua, haijaisha.

Tena kuna minyoo wa sakafu ya bahari isiyo na chemchemi za moto, kama Lamellibrachia luymesi wa Ghuba ya Meksiko, anayekadiriwa kuishi zaidi ya miaka 150. Salfaidi yake hutengenezwa ndani ya tope na vijidudu wanaotumia methani na mafuta yanayovuja ardhini, ambayo kwa sehemu kubwa ni mabaki ya viumbe waliolishwa na jua zamani sana. Kwa hiyo huyu analitegemea jua mara mbili. Ana sehemu ya mwili iliyozama topeni kama mizizi, na kwa sehemu hiyo hufyonza salfaidi. Taka ya bakteria wake ni salfeti, na sehemu kubwa huirudisha topeni kwa mizizi hiyo hiyo, ambako wale vijidudu wanaihitaji ili watengeneze salfaidi nyingine. Nimeona hili likifundishwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa lote. Naliamini, lakini mwanafunzi aambiwe kipi kilitokana na nini: utoaji wa salfeti kwa mizizi ulipimwa maabara, kwa mnyoo hai; lakini kwamba mzunguko huo ndio unaomtosheleza miaka yote hiyo, hilo lilikokotolewa kwa kompyuta.